Aliyetangulizwa

Siku yule msichana alipoingia uani kwetu Malakia, nilikuwa nimekaa chini, kichwa changu kati ya magoti ya Halti Jwan, nikisukwa nywele. Halti ndivyo tunavyomwita dada wa mama kule Juba. Huyu alikuwa mdogo wa mwisho wa mama yangu, hajaolewa bado, na mkono wake ulikuwa mgumu kwenye kichwa cha mtoto. Nilikuwa nalia kidogo, bila kutaka asikie. Haboba, bibi yetu, alikuwa anakaanga samaki. Redio ya jirani iliimba. Vita vilikuwepo, lakini vilikuwa mashambani, na sisi wa mjini tuliviongelea kama watu wanavyoongelea ugonjwa wa mtu wasiyemjua.

Msichana alisimama kwenye mlango wa mabati. Alikuwa mkubwa kuliko mimi, kama wa miaka kumi na miwili hivi, na juu ya jicho moja alikuwa na kovu lililokata unyusi vipande viwili. Watu wa aina yake walikuwa wameanza kuonekana mjini, wakitoka upande wa mashariki ambako vijiji vilikuwa vinachomwa.

"Mtoto wa nani wewe?" Haboba alimuuliza.

Hakujibu. Kiarabu chetu hakukijua. Haboba alimpa kipande cha samaki, naye akakila akiwa amesimama palepale. Jioni hakuondoka. Akapewa gunia la kulalia jikoni, na kesho yake akatumwa mtoni kuteka maji. Tukamwita Biniya, yaani msichana. Sikumbuki mtu yeyote nyumbani akimuuliza jina lake jingine.

Vita vilipofika mjini havikubisha hodi. Waasi waliuzunguka mji, jeshi la serikali likajifungia ndani pamoja nasi, na mizinga ikaanza kuvuka juu ya mapaa yetu. Mjomba Wani, mtoto wa kiume pekee wa Haboba, alikuwa Khartoum kwa kazi tangu kabla ya hapo. Baba yangu alikwishafariki. Tulibaki wanawake na watoto. Tulichimba handaki nyuma ya jiko, na kila mluzi uliposikika angani Biniya ndiye aliyenibeba mgongoni na kuniingiza humo, kwa sababu nilikuwa na tabia ya kuganda nilipoogopa. Nakumbuka mgongo wake. Ulikuwa na mifupa mingi.

Kisha chakula kikaisha.

Ndege zilikuja na mahindi, lakini mahindi yalishukia mikononi mwa askari na wafanyabiashara. Kwa upande wa magharibi, kuelekea kule kwenye mlima wa Jebel, kulikuwa na mashamba ya mihogo ya watu waliokimbia. Muhogo ulikuwa ardhini, unakua, hauna mwenyewe. Kati yetu na muhogo kulikuwa na mabomu ya ardhini. Jeshi lilizika yake na waasi wakazika yao.

Wanawake walikwenda hata hivyo. Mama Tabisa, jirani yetu, alirudishwa kwenye kitanda cha kamba bila mguu. Haboba naye alikwenda, akarudi na muhogo. Akaenda tena, akarudi. Wanawake wa Malakia wakaanza kumfuata, wakisema kwamba yule mama Mungu anamwonyesha pa kukanyaga. Mama yangu hakwenda, alikuwa mgonjwa wakati ule. Halti Jwan na Biniya walikwenda.

Mzinga hupiga mluzi kabla haujatua. Bomu la ardhini halina mluzi.

Siku hiyo tulisikia moja, upande wa magharibi, mchana.

Mama alikaa kitini, akashika mikono yake yote miwili.

Walirudi jua likiwa bado liko juu, kwa mstari, mihogo kichwani. Haboba mbele. Halti nyuma yake.

Biniya hakuwepo.

"Yuko wapi?" niliuliza.

"Amekwenda kwao," Haboba alisema, akaanza kumenya.

Nilikula nikashiba. Nililala vizuri kuliko siku zote za vita.

Baadaye mama alipata nafasi kwenye ndege ya kwenda Khartoum, na kutoka huko, kwa njia ndefu ambayo haina maana kuieleza hapa, tulifika Kenya. Nilikulia Kitale. Haboba na Halti Jwan walibaki Juba mpaka mwisho. Haboba hakuuona mwisho wenyewe, alikufa kwa homa kabla ya mkataba wa amani kutiwa saini.

Huko Kitale mama alikuwa na hadithi moja. Aliisimulia kanisani, aliisimulia kwa walimu wangu, aliwasimulia wanawake wa Kibukusu waliompa kazi ya kupalilia. Mama yake alipita kwenye shamba la mabomu kila asubuhi akisali, na kila asubuhi Mungu alimwonyesha pa kuweka mguu, na mtaa mzima ukala. Watu walilia. Hata mimi nililia, ingawa niliijua kwa moyo. Biniya hakuwemo katika hadithi hiyo, na sikushangaa, kwa kuwa alikuwa amekwenda kwao.

Mama alipofariki niliamua kuiandika.

Amani ilikuwa imekuja. Nilirudi Juba pamoja na maelfu ya watoto wa wakimbizi waliokuwa wakirudi kutoka Kenya, na Kiswahili changu cha Kitale na vyeti vyangu vikanipatia kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja kando ya mto. Ilikuwa hoteli ya makontena na mahema, kama zote za wakati ule, na wageni walilipia kulala ndani ya sanduku la chuma bei ambayo ingelipia nyumba nzima Kitale. Jenereta lilinguruma. Alasiri wageni wakiwa kazini, niliandika kwenye kompyuta ya hoteli.

Kampuni ndogo ya vitabu ya Nairobi ilikuwa ikitafuta riwaya za kifamilia za kutia moyo, zile zinazouzwa makanisani na kusomwa na mama na binti yake pamoja. Niliwatumia sura za mwanzo. Mhariri, mama mmoja mchangamfu niliyemwita Madam Njeri, alinipigia simu siku hiyohiyo aliyozisoma.

"Poni, huyu shosho wako ni dhahabu," alisema, yaani bibi yangu. "Andika haraka. Watu wanataka kusoma kitu kutoka Sudan ambacho hakiwaachi wakilia tu. Wafunge kitabu wakiwa na nguvu."

Mjomba Wani alifurahi kuliko wote. Alikuwa amerudi kutoka Khartoum na kupata cheo katika serikali mpya, gari la kioo cheusi na dereva. Nyumba ya Malakia ilikuwa kwa jina lake sasa. Halti Jwan alikaa humo, kwenye chumba cha uani, akiitunza, na mchana akiuza chai karibu na soko. Mjomba alipanga sala kubwa ya kumkumbuka Haboba na alitaka kitabu kizinduliwe siku hiyo.

Kilichobaki kwangu kilikuwa vitu vidogo. Haboba alivaa nini miguuni? Alisali sala gani? Nilikwenda kwa Halti Jwan nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki, katikati ya birika na vikombe, nikamuuliza. Alijibu yote kwa subira. Alikuwa amenenepa, na nywele zake, alizokuwa akizificha chini ya kitambaa, zilikuwa nyeupe ingawa hakuwa mzee. Mwisho nikamuuliza swali nililodhani ni rahisi.

"Halti, alijuaje pa kukanyaga?"

Alimimina chai ya mteja, akampa, akangoja aondoke.

"Hakujua," alisema.

"Lakini alirudi kila siku."

"Alirudi kwa sababu hakuwa wa mbele."

Sikuelewa. Alinitazama kama anayetaka kujua iwapo ninafanya makusudi.

"Biniya alikuwa mbele, Poni. Ulidhani nani?"

Alinieleza pale sokoni, kwa sauti ileile aliyotumia kuuliza wateja kama wanataka tangawizi. Baada ya Mama Tabisa kupoteza mguu, Haboba alisema kwamba yeye ana wajukuu, na akifa yeye nyumba yote inakufa. Akamshika Biniya bega, akamweka mbele, akampa fimbo ya kugusagusia majani. Haboba alimfuata kwa umbali, akikanyaga alama za miguu yake, Halti akazikanyaga za Haboba, na wanawake wengine nyuma yao. Kama malipo, Biniya alikula sawa na watoto wa nyumbani.

"Alielewa?" niliuliza.

"Hakuwa mjinga. Siku ya kwanza aligeuka akanitazama mimi. Si mama, mimi. Nilitazama chini."

"Kisha?"

"Kisha akaenda."

Alienda siku nyingi. Mpaka siku ile. Halti alisema Biniya hakufa mara moja. Aliita kwa lugha yake, neno moja, wakadhani anamwita mama yake. Njia ya kumfikia ilikuwepo, nyayo zake mwenyewe zilikuwa pale kwenye vumbi, mpaka mahali alipoanguka. Haboba alisema wangoje.

Wakangoja.

Aliponyamaza, Haboba alizunguka shimo lile, akapita. Shamba halikuwa mbali tena. Wakachimba mihogo, wakajaza vikapu. Wakati wa kurudi walipita kando yake, na Haboba akavua nguo ya begani, akamfunika. Hawakumzika, wasingeweza kupiga jembe kwenye udongo ule.

"Na ile sala?" nilisema. Nilijisikia kama mtoto nilipoiuliza.

"Alisali, ndiyo. Kila asubuhi. Aliomba msichana asikanyage."

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Wewe umeniuliza habari za viatu," Halti alisema. "Na za sala."

Niliiandika sura hiyo kama alivyoisema. Ndiyo sura pekee ya kitabu kile ambayo bado naiona kuwa nzuri. Nikaituma Nairobi. Safari hii Madam Njeri hakupiga simu siku hiyohiyo, na alipopiga alizungumza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mfiwa.

"Umeandika vizuri, tena sana. Lakini sura hii inamuua shosho. Msomaji hatamrudia tena."

"Ndivyo ilivyotokea, Madam."

"Najua. Lakini hii ni riwaya, Poni, si ushahidi wa korti. Tunabadilisha kidogo tu. Msichana anajitolea. Amepokewa katika hii nyumba, amependwa, anasema, 'Haboba, wewe una wajukuu, acha mimi nitangulie.' Unaona? Anakuwa shujaa na yeye. Hakuna anayepoteza."

Nilimwambia nitafikiria. Si uongo, nilifikiria kweli. Yale maneno aliyomwekea mdomoni yalikuwa yanapendeza, na ningeweza kuyaandika alasiri moja.

Halti, kwa upande wake, tangu aliposema hakuweza kunyamaza tena. Alianza kuwauliza wateja wake wa chai, wale makondakta na wapakiaji waliokuja na malori kutoka mashariki: nani alipoteza msichana mwenye kovu juu ya jicho, aliyekimbilia mjini wakati vijiji vinachomwa? Wengi walicheka. Waliopoteza wasichana walikuwa wengi mno. Lakini habari hutembea na malori, na msimu wa mvua ulipokwisha mwanaume mmoja alimwambia kuna mwanamke Sherikat, ng'ambo ya daraja, anayewapikia watu wa malori. Huyo ana dada aliyepotea, na alama ilikuwa hivyo.

"Usiende," nilimwambia. "Utamwambia nini?"

"Nilichokuambia wewe."

"Atakupiga."

"Basi atanipiga."

Nilikwenda naye kwa sababu asingeweza kwenda peke yake. Mwanamke yule alikuwa amekulia kambini Uganda na Kiarabu chake kilikuwa cha kubahatisha, hivyo mimi ningekuwa mkalimani, kwa Kiswahili alichokiokota kambini. Tulivuka daraja kwa boda boda mbili. Sherikat ilikuwa malori, matope ya mafuta, vibanda vya mabati na muziki wa Kongo. Alikuwa anaitwa Kristina. Tulimkuta akisukuma chapati kwenye meza ya mbao, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kanga iliyofungwa juu ya gauni. Nilimtazama usoni, na kabla hajasema lolote nilijua. Ulikuwa uso wa mlangoni kwetu, umeongezwa miaka.

"Nyinyi natafuta nani?" aliuliza.

Nilianza kutafsiri. Halti alisema kijiji kilichochomwa, akasema mwaka, akasema kovu. Kristina aliacha kusukuma.

"Hiyo alama mbuzi nampiga yeye na pembe," alisema. "Yeye naitwa Ihisa. Nyinyi najua yeye iko wapi?"

Ihisa. Alinibeba mgongoni vita vizima, na jina lake nililisikia mara ya kwanza pale, kwenye unga wa chapati.

Halti aliendelea, nami nikaendelea nyuma yake. Kuna jambo hutokea ukitafsiri: huwezi kusema "wao". Halti aliposema "tulimweka mbele", mimi nami nilisema, kwa sauti yangu, nikimtazama yule mama machoni, "tulimweka mbele." Nilisema "tulingoja." Nilisema "hatukumzika."

Dereva mmoja alikuja kuulizia chakula, Kristina akamfukuza kwa mkono bila kugeuka.

Hakulia. Kisha akaniuliza mimi, si Halti:

"Hiyo siku, nyinyi nakula nini?"

Nilitafsiri.

"Bafra," Halti alisema. Muhogo.

Neno hilo Kristina alilijua. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei.

"Sasa nyinyi nakuja kwa sababu gani? Vita nakwisha zamani. Kwa nini leo?"

Nikamweleza habari za kitabu. Sikutaka, lakini aliuliza, na ilikuwa ndiyo sababu. Nikamweleza na lile ombi la mhariri, kwamba dada yake angeandikwa kuwa alijitolea. Labda nilitaka aseme sawa. Labda nilitaka mtu anipe ruhusa.

Kristina alifuta unga mikononi, kidole baada ya kidole.

"Wewe andika jina yake. Ihisa. Lakini usiandike yeye nataka." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Yeye hapana nataka! Yeye mtoto. Yeye naogopa hata mto."

Halti alipiga magoti kwenye matope ya mafuta. Kristina hakumwinua, wala hakumfukuza. Alichukua mti wa kusukumia akarudi kwenye chapati zake, na tukaelewa kwamba tuondoke.

Mjomba Wani alipata habari kabla ya Jumapili. Alituita Malakia, akakaa kwenye kiti cha sofa akiwa na suti, akatuacha tumesimama.

"Jwan, ni kweli umekwenda kumwambia mtu asiyetuhusu kwamba mama yangu ni muuaji?"

"Sikusema muuaji. Nilisema tulichofanya."

"Mama alilisha mtaa! Kuna watu wazima leo, wana watoto, wanatembea katika mji huu kwa sababu ya mama. Poni, wewe mwenyewe. Ungekuwa hai?"

"Nisingekuwa," nilisema, na ndivyo ilivyo mpaka leo.

"Basi unataka wajukuu wake wamjue kwa ajili ya siku moja?"

"Haikuwa siku moja, Wani," Halti alisema. "Wewe ulikuwa Khartoum. Alimweka mbele kila siku. Siku moja ndiyo ile aliyokufa."

Nafikiri kama asingetaja Khartoum, mambo yangekwenda vingine. Mjomba alisimama. Hakupaza sauti. Alisema watu wa shirika moja wamekuwa wakimwomba ile nyumba wapange, na kwa huruma kwa dada yake amekuwa akikataa. Sasa hakatai tena. Na kama Poni anataka kuandika takataka za jikoni, aandike kwa jina jingine, si la ukoo huu.

Kabla ya sala ya kumkumbuka Haboba, vitu vya Halti vilikuwa kwenye mkokoteni. Birika, vikombe, kitanda. Alikuwa amezaliwa katika ua ule na kubaki humo kwenye mizinga yote. Mizinga haikumtoa. Nilimchukua Munuki, nilikokuwa nimepanga tukul, kibanda cha udongo, kwenye ua wenye familia nyingi. Munuki ilikuwa inatanuka kuelekea magharibi, wenye magari ya kutegua mabomu walikuwa wamepita, na kila wiki viwanja vipya vilipimwa. Halti alikuwa akisimama nyuma ya ua akitazama kule, akijaribu kukumbuka. Palikuwa na nyumba kila mahali. Hakuweza kusema ni wapi Ihisa alianguka.

Nilimwandikia Madam Njeri kwamba naondoa kitabu changu. Alijibu kwa heshima, akasikitika.

Kitabu kilitoka hata hivyo. Si changu. Mjomba alimpa mtu mwingine kazi, kampuni ikampa sura zangu, na nilipozisoma kurasa za kwanza niliona viatu vya Haboba kama nilivyovieleza, na sala ileile. Jina langu halikuwemo. Msichana alikuwemo. Aliitwa Tumaini, na alimshika Haboba mkono akasema, "Wewe una wajukuu, acha mimi nitangulie." Anakufa bila kuita mtu yeyote. Anazikwa chini ya msalaba wa miti, na watu wote wa mtaa wanaimba.

Kilizinduliwa kanisani. Halti alitaka kwenda, nikaenda naye, tukakaa nyuma. Kijana mwenye sauti nzuri alisoma sura ya Tumaini mbele ya maikrofoni, na kanisa lote likalia, wanawake wengine kwa kwikwi. Miongoni mwao nilimwona Mama Tabisa na mguu wake wa plastiki. Alikuwa anajua kila kitu. Alilia kama wengine.

Nje Halti alifunga kitambaa chake vizuri.

"Wamempa jina zuri," alisema.

Halti Jwan alikufa kabla ya nchi kupiga kura yake ya kujitenga na Khartoum. Presha, walisema hospitalini. Mjomba Wani alilipia jeneza, na alitoa hotuba. Siku ya matanga, katikati ya wanawake waliokaa kwenye mikeka Munuki, nilimwona Kristina akiingia. Sijui nani alimwambia. Alitoa pole kwa mkono kwa kila mmoja, kama inavyotakiwa, akakaa. Sinia zilipoletwa, akaletewa maji ya kunawa.

"Hapana," alisema.

Wakamletea chai. Akasema hapana. Wakamletea maji ya kunywa, na wanawake wakaanza kutazamana, maana kukataa hata maji kwenye msiba ni jambo kubwa. Alikaa mpaka sala ya mwisho, mdomo mkavu, kisha akainuka akaenda. Hakunisemesha. Nimejaribu kuamini kwamba kuja kwake kulikuwa msamaha. Siamini. Nadhani alikuja kuona kama ni kweli amekufa, na akakaa kwa sababu alikuwa mtu mwenye adabu.

Vita vilirudi Juba baadaye, vya sisi kwa sisi, nami nikarudi Kenya tena, safari hii nikiwa na watoto wangu. Sherikat nilipouliza, wale wa malori niliowajua hawakuwepo, na aliyebaki hakumjua Kristina. Kwa hiyo sijui. Ihisa hana kaburi, dada yake sina habari zake, na waliotembea nyuma yake kwenye mstari ule, niliowajua kwa majina, wote wamekufa. Kilichobaki duniani ni kitabu cha Tumaini. Kimechapishwa zaidi ya mara moja. Wajukuu wa Mjomba wanakipenda, na kanisa letu hapa Eldoret linakitumia kwenye darasa la watoto.

Ndivyo binti yangu alivyokuja nacho nyumbani. Ana umri kama ule aliokuwa nao Ihisa. Alikuwa ameguswa, macho yalikuwa mekundu, na alijivuna kwamba yule bibi ni wa kwetu. Nikamkalisha mezani nikamwambia yote, mpaka muhogo. Sikumsema vibaya Haboba. Nilimwambia alikuwa mama mwenye njaa aliyetupenda, kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

Binti yangu alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza:

"Kama ningekuwa hapo, mimi na Ihisa, Haboba angemweka nani mbele?"

"Ihisa," nilisema.

"Kila siku?"

"Kila siku."